Inanukia

Mvua ilitukuta Mabira, msitu ulio kati ya Jinja na Kampala, Uganda. Ile mvua ya msitu inayomfanya dereva awashe taa mchana na kusogeza kifua karibu na usukani. Abiria tukavuta vioo bila kuambiwa. Tulikuwa 14 kwa hesabu ya leseni, na watoto wawili wa kupakatwa ambao hakuna anayewahesabu. Mmoja wao alikuwa binti yangu wa miaka sita.

Akainua pua yake.

"Mama, inanukia."

Kweli ilinukia. Embe bivu, lenye ubaridi wa peremende nyuma yake. Jajja, yaani bibi mzee, aliyekaa mbele yetu akageuka, uso umemchangamka. "Nani huyo anamenya embe na hatugawii?" Watu wakacheka, kila mmoja akamtazama jirani yake. Hakuna aliyekuwa na embe.

Nyuma kabisa, kwenye kona, alikaa kijana wa shati jeupe la shule. Nilipogeuka nikamwona akirudisha kitu ndani ya mkono wa sweta. Kitu chenyewe kidogo, rangi ya chungwa, unene wa kalamu ya kukolezea maandishi, na kwenye ncha kulikuwa na kitaa cha buluu kilichowaka kidogo kikazima. Mvuke mwembamba ukapanda hadi kwenye dari la taksi, ukatambaa juu ya vichwa vyetu, ukapotea kabla ya kumfikia dereva.

Nilijua ni nini. Mimi huwa naenda Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kila wiki kununua kanga na madera ya kuuza Jinja, na vitu hivyo nimeviona vikipita mikononi mwa watu. Ni sigara za kielektroniki; vijana wanaviita vepu.

Nikanyamaza.

Na kuna jambo lililo baya kuliko kunyamaza. Nilivuta pumzi ndefu, kwa sababu ilikuwa harufu nzuri kuliko ile ya makoti yaliyolowa.

Tulipokaribia Mukono, jajja alianza kukohoa. Sitasema kwamba ni kwa ajili ya mvuke ule. Wazee hukohoa, na siku ile ilikuwa ya baridi. Lakini kikohozi kile nimekaa nacho wiki tano, hata nikaona heri nikae chini niandike.

Kunuka na kunukia

Nimekulia Walukuba, Jinja, siku ambazo sigara zilikuwa zikitengenezwa mji huu huu. Upepo ukigeuka, tumbaku tuliisikia hadi uwanja wa mpira. Baba yangu alikuwa mvutaji. Hakuwahi kuvuta ndani, na wala si kwa sababu ya sheria. Mama alikuwa na neno moja tu: "Nguo zinanuka." Baba akachukua kigoda chake akahamia nyuma ya jiko, kwenye migomba, na huko ndiko alikovutia mpaka alipofariki.

Hata kwenye taksi ilikuwa hivyo hivyo. Mtu akiwasha, abiria watatu wanapaza sauti kwa mpigo, na konda anamwambia azime au ashuke. Nani alihitaji kusoma kifungu? Pua ilikuwa askari wetu.

Sasa angalia lugha yetu ilivyo. Sigara inanuka. Vepu inanukia. Tofauti ni herufi moja tu, lakini sigara ilimhamisha baba yangu kwenye migomba, na vepu imempa kijana nafasi ya kuvuta ndani ya gari lililofungwa vioo, huku bibi wa watu akidhani anapitwa na tunda.

Sisi tena ni watu wa udi. Alhamisi usiku, makaa yanatiwa chetezoni, nyumba inafukizwa, mashungi yanafukizwa, mgeni anapokewa kwa moshi. Moshi unaonukia kwetu ni heshima. Siku ile ya taksi, usiku, binti yangu aliniuliza, "Mama, ule ulikuwa udi wa embe?" Sikuwa na jibu la kumpa. (Na niseme ukweli: dada yangu ana pumu, na kabla ya kufukiza tumezoea kumwambia atoke akakae barazani. Miaka yote hiyo hatukujiuliza kwa nini yeye ndiye wa kutoka. Hilo nalo limeanza kunisumbua, ila lina siku yake.)

Adabu yetu yote kuhusu moshi tuliijenga juu ya harufu mbaya. Mlango wa harufu nzuri hatukuutia komeo.

Kilichomo ndani ya embe

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni betri ya lithiamu, waya uliosokotwa unaopata moto, na pamba iliyoloa kimiminika. Kimiminika hicho ni gliserini na propilini glaikoli, pamoja na viungo vya harufu, na mara nyingi nikotini. Ukivuta, waya unapata moto na kimiminika kinageuka ukungu. Hon Lik, mfamasia wa China, ndiye anayetajwa kwa kukitengeneza kwa sura tunayoijua leo, mwaka 2003.

Watu husema, "Ni mvuke tu, kama wa chai." Siyo. Mvuke wa chai ni maji. Huu ni matone madogo sana ya kile kimiminika, na anayepulizwa usoni anayavuta, nikotini ikiwemo. Ni kweli, na lazima lisemwe, kwamba sumu zake ni chache kuliko za moshi wa sigara, kwa sababu hakuna jani linaloungua. Lakini uchache wa sumu kuliko sigara si sifa ninayoitafuta katika hewa ya mtoto wa miaka sita.

Na yule kijana wa shati jeupe? Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga hadi miaka 25 au karibu yake, na nikotini inauzoesha kudai. Yeye hakuwa hata amemaliza shule.

Karatasi tunayo

Nilipoanza kuuliza huku na huku, karibu kila mtu aliniambia, "Serikali itunge sheria." Nikaona wengi wetu hatujui kwamba sheria tunayo, tena kali.

Ibara ya 39 ya Katiba yetu inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kuvuta sigara hadharani kunavunja haki hiyo ya asiyevuta, na mwaka 2004 zikaja kanuni za kuzuia uvutaji mahali pa umma. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kama muswada binafsi wa mbunge, Dk. Chris Baryomunsi, na ikaanza kutumika Mei 2016. Hakuna kuvuta mahali pa umma, kazini, wala kwenye vyombo vya usafiri, na hata nje ni marufuku ndani ya mita 50 za mahali hapo. Hakuna kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Hakuna kuuza sigara mojamoja. British American Tobacco Uganda waliipinga sheria hiyo Mahakama ya Katiba, na Mei 2019 wakashindwa.

Sigara za kielektroniki je? Zimo. Pamoja na shisha na tumbaku yenye ladha, ni marufuku kuziingiza nchini, kuzitengeneza, kuzisambaza na kuziuza. Hapo Uganda ilitangulia: India ilipiga marufuku biashara ya vitu hivyo mwaka 2019.

Nilisoma hayo nikiwa nimekaa juu ya marobota yangu ya kanga, nikasimama, nikakaa tena. Kumbe kitu kile cha rangi ya chungwa hakikutakiwa hata kuvuka mpaka.

Ilinigusa zaidi ile hoja ya 2002. Mahakama haikuanza na mvutaji na anachotaka. Ilianza na yule aliyekaa pembeni yake, anayepumua bila kuulizwa. Yaani jajja.

Kati ya chaja na waya za masikioni

Wiki iliyofuata niliingia duka moja la vifaa vya simu, sitalitaja. Nikauliza vepu kana kwamba namnunulia mtu. Kijana wa dukani hakushtuka. Akainua boksi la chaja, na chini yake zilikuwepo, zimepangwa kama biskuti: embe, zabibu, tikiti maji.

Niliomba kushika moja. Nyepesi, laini kama kokoto la ziwani. Boksi lake lilikuwa na picha ya tunda linalotiririka maji. Nikaligeuza, nikaligeuza tena, na ubavuni, kwa herufi ambazo ilinibidi nitoe miwani kuzisoma, nikaona: nikotini asilimia 5. Pakiti ya sigara kwa sheria yetu inatakiwa kubeba onyo linalofunika asilimia 65 ya upande wake. Hapa kulikuwa na embe.

"Wanafunzi wananunua?" niliuliza.

"Mama, wanachanga," alinijibu kwa upole, kama anayenieleza bei ya muda wa maongezi. "Watatu, wanne. Wanapokezana."

Nilitoka bila kununua na bila kusema chochote. Mara ya pili hiyo.

Jirani yangu fundi

Hapa ndipo nilipokwama, na nisingependa kupapita haraka.

Jirani yangu ni fundi magari, mtu mzima, amevuta sigara tangu ujanani. Pakiti kwa siku. Miaka miwili iliyopita mwanawe alirudi kutoka Dubai na vepu ya kujaziwa, na tangu hapo sigara hajagusa. Kikohozi chake cha alfajiri, ambacho ua mzima uliamkia, kimekwisha. Nilipomweleza ninachoandika aliweka spana chini.

"Dada, unataka nirudi kwenye sigara?"

Sitaki. Na ushahidi haumpingi. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa kwa makini zinaonyesha kwamba vepu zenye nikotini zinawasaidia wavutaji watu wazima kuacha sigara, hata kuliko vibandiko na chingamu za nikotini. Waingereza wamezitumia hivyo kwa miaka. Lakini Waingereza hao hao, Juni 2025, wamepiga marufuku uuzaji wa zile za kutumia na kutupa, kwa sababu ya takataka na kwa sababu ziliangukia mikononi mwa watoto.

Kwa siku kadhaa nilitaka kuacha kuandika. Nikajiona kama nataka kumnyang'anya mtu mgonjwa fimbo yake. Sheria nayo, ukiisoma kama ilivyo, haimwachii fundi pa kununulia. Hilo linaniuma, na sina namna ya kulilainisha.

Kisha jioni moja tulikuwa tumekaa uani tunaongoja umeme urudi. Yeye anavuta, mimi nachambua mchicha. Akaniuliza, bila ugomvi, "Kwani hapa nilipokaa nakusumbua?"

Nilikuwa nimesikia utamu fulani juu ya midomo yangu, kama mtu aliyelamba karatasi ya peremende. Nilidhani ni mawazo yangu. Nikalamba tena.

"Ndiyo," nikamwambia. "Unanisumbua."

Akanyanyuka na kigoda chake. Akavuka ua, akakaa upande wa pili karibu na gari bovu, akaendelea na maongezi kwa sauti ya juu kidogo ili nisikie. Hakukasirika. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilimwona baba yangu na migomba yake. Mama hakumpeleka mahakamani. Hakumwambia hata aache. Alimwambia mahali.

Kiwe na moto au betri

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ajenda ilikuwa mitaro na wezi wa mita za maji. Mwishoni mwenyekiti aliuliza kama kuna lingine. Nikasimama. Magoti yaliniishia nguvu, maana mimi si msemaji wa mikutano.

Nilisimulia habari ya jajja na embe, hiyo tu. Nilipomaliza, mama mmoja alisema watoto wa madrasa wanaingia na harufu ya zabibu na ustadhi alidhani ni mafuta ya nywele. Mwingine akasema amekiona kitu hicho kwenye mkoba wa mwanawe akadhani ni cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Mwanawe alimwambia ndicho.

Mzee mmoja akasimama akasema dawa ni viboko. Wengi wakaitikia.

Hapo niliogopa. Sikuyataka hayo. Naijua nchi yangu: ukimpa askari sababu ya kupekua mifuko ya vijana, kesho yake sababu hiyo ina bei, na kijana asiye na kitu ndiye anayelala ndani. Aliyeuza analala kwake.

Aliyesema jambo la maana ni bodaboda mmoja, kijana ambaye mimi binafsi nilidhani yuko kwenye mkutano kwa kukwepa jua. "Wazee wangu, samahani. Huyu mtoto tutampiga kwa sababu ametoa mvuke. Mwenye duka ana leseni ya biashara imetundikwa ukutani, na chini ya chaja anauza kitu ambacho sheria imekataza. Tunaanza na nani?"

Kimya.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaliruhusu hata baraza la kijiji kutunga sheria ndogo, ili mradi isigongane na za juu. Mwenyekiti alilijua hilo, sikutegemea. Akamwita katibu aandike. Ugomvi mkubwa ukawa juu ya maneno. "Moshi" halikutosha, kwa sababu kila kijana atasema huu si moshi. "Mvuke" mama mwenye genge la chai akalikataa. Tulizunguka karibu saa nzima. Mwisho yakaandikwa maneno ambayo nayapenda kuliko mengi niliyowahi kuyaandika mwenyewe: *kitu chochote cha kuvuta, kiwe na moto au betri.* Kisivutwe stegi ya taksi na boda, penye bomba la maji, madrasa, zahanati, kibanda cha mpira. Anayevuta aambiwe kwanza. Mtoto apelekwe kwa mzazi, asipigwe, asitozwe. Kuhusu maduka, barua iende kwa ofisi ya divisheni ya jiji ikiwa na majina ya bidhaa.

Karatasi imepelekwa juu ikakaguliwe. Haijarudi. Lakini maneno yalitangulia karatasi, siku ya pili nilimsikia konda pale stegi akimwambia mteja, "Bosi, hata ya betri hairuhusiwi."

Lugazi

Wiki iliyopita nilisafiri tena na binti yangu. Hakukuwa na mvua, ila vumbi la matengenezo lilitufanya tufunge vioo. Tulipoiacha Mabira nyuma, ikaja. Zabibu, safari hii.

Alikuwa mtu mzima, miaka 30 hivi, shati limepigwa pasi, begi la kompyuta magotini. Nilitamani awe mtoto, maana mtoto ni rahisi kumwambia. Moyo ulinidunda hadi nikausikia masikioni. Nikamwangalia konda, konda akaniangalia mimi.

"Kaka," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyokusudia. "Humu ndani tunapumua wote. Tusaidie, usivutie humu."

Alinitazama. Nilijiandaa kwa maneno.

"Pole, mama," alisema. "Sikujua kama mnaisikia. Hii hainuki."

"Inanukia," nikamwambia. "Ndiyo maana tunaivuta."

Akakitia kwenye mfuko wa begi, akafunga zipu. Konda akanyoosha mkono, akasukuma kioo cha mlangoni hadi mwisho. Tulikuwa tunaingia Lugazi, na upepo ulileta kila kitu kwa pamoja: vumbi, dizeli ya malori ya miwa, na ile harufu nzito, chachu, ya molasi kutoka kiwanda cha sukari.

Binti yangu akabana pua kwa vidole viwili.

"Mama, sasa inanuka."

Hakuna aliyefunga dirisha.